Makala Iliyochelewa Siku Kumi na Moja

Jina lake la kwenye vyeti hakuna mwanafunzi aliyelijua, wala aliyewahi kuliuliza. Walimwita Bi Makala. Walianza kumwita hivyo tangu enzi za kadi za katalogi zilizopangwa kwenye droo ndogondogo za mbao, na wakaendelea hata droo zenyewe zilipohamishiwa stoo kutunzia balbu zilizoungua. Dawati lake lilikuwa mkono wa kushoto ukiingia maktaba ya chuo kikuu, ukishapita pale mlinzi anapokagua mikoba. Juu yake palikuwa na kompyuta mbili, printa moja yenye tabia ya kutafuna karatasi, na kopo la kalamu ambazo ziliibwa moja moja na watu waliosoma.

Kazi yake ilikuwa kumtafutia mtu makala ambayo mtu mwenyewe hajui inaitwaje wala iko wapi. Kijana anakuja, anaegemea dawati, anasema, "Shikamoo Bi. Natafuta kitu kuhusu maji."

"Marahaba. Maji ya kunywa, ya kumwagilia, au yaliyobomoa nyumba za watu?"

"Ya kunywa."

"Ya kisima au ya bomba? Unataka kujua yana nini ndani, au unataka kujua nani hayapati?"

Likifika swali la tano kijana ameshajua anachokitafuta, na mara nyingi anaondoka akiamini amekijua mwenyewe. Bi Makala hakuwa na ugomvi na hilo. Aliingia kwenye hifadhi za majarida ya kitaaluma, akaandika maneno matatu, zikaja makala elfu mbili. Akaongeza neno, zikabaki mia tatu. Akabana miaka, zikabaki arobaini. Hapo ndipo alipoanza kupepeta: anatazama kichwa cha makala, anasoma ikisiri, anatupia jicho orodha ya marejeo, basi. Hii inakufaa, hii haikufai, huyu mwandishi anajirudia. Makala arobaini alizimaliza kabla chai haijapoa, na maprofesa wenye mvi walimletea maswali yao kwa adabu ambayo wake zao hawakuwahi kuiona.

Mwenzake, aliyetunza majarida ya zamani yaliyojalidiwa kule ghorofa ya chini, alikuwa mzee mmoja mwenye miwani miwili shingoni, na alimtania kila walipokutana kwenye ngazi. "Wewe ni mpishi usiyeonja. Lini umesoma makala moja, kuanzia juu mpaka chini?"

"Nikikaa kusoma mimi, nani atawatafutia hawa?"

Jibu lilikuwa zuri, na lilikuwa la kweli kwa kiasi chake. Ila ilikuwa imepita miaka mingi tangu Bi Makala asome makala nzima, ya taaluma yoyote. Alijua mahali pa kila kitu. Kilichomo ndani alikijua kwa kuchungulia, na kwa kuwa alichungulia vizuri kuliko watu wengi wanavyosoma, hakuna aliyemgundua.

Tena yeye ndiye aliyekuwa mkali wa jambo hilo hilo. Kila muhula mpya walimletea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, makundi ya watu thelathini, wamebanana kwenye chumba cha kompyuta wakinong'onezana. Aliwaonyesha namna ya kutafuta, kisha akasimama na kuwaambia yale yale.

"Hapa juu pana mistari kumi au kumi na miwili. Hii ni ikisiri. Mwandishi anakuambia kwa kifupi amefanya nini na amepata nini. Sasa sikilizeni. Ikisiri ni mtu anajinadi mlangoni. Ukitaka kumjua, ingia ndani ukae naye. Mtu akiniletea tasnifu ambamo amenukuu ikisiri, huyo hakusoma, amechungulia dirishani kwa watu."

Watoto walicheka. Walicheka zaidi alipowaonyesha ile picha ya kufuli dogo linalokaa pembeni ya baadhi ya makala. Kufuli maana yake chuo hakijasajiliwa kupata jarida hilo: ikisiri utaisoma bure, makala yenyewe imefungwa. Dawa yake ilikuwa fomu. Unajaza fomu, Bi Makala anaituma kwa maktaba nyingine zinazoshirikiana na ya kwao, na huko mkutubi mwenzake asiyemjua kwa sura anatafuta, ananakili, anatuma. Huchukua wiki, wakati mwingine mbili. "Na ukinijia kesho kuuliza imefika," alisema, "naisogeza mwisho wa foleni." Hakuwahi kumsogeza mtu, lakini walimwogopa hivyo hivyo.

Basi huyo ndiye Bi Makala kwa watu wa chuo. Nyumbani alikuwa mdogo wa mtu.

Dada yake alimtangulia kwa miaka tisa. Mama yao alifia kwenye meza ya upasuaji wakati mdogo yuko darasa la pili, na baba hakukawia kumfuata. Dada aliacha shule, akaketi kwenye cherehani ya shangazi yao, na kuanzia hapo kila daftari, kila kiatu na kila ada ya mdogo wake ilipitia chini ya sindano ile. Alishona sare za shule. Alishona sare za watoto wa watu mpaka vidole vikawa na sugu za rangi ya bluu, mdogo wake akaenda mpaka chuo cha ukutubi, akapata kazi, akavaa kitambulisho shingoni. Siku ya kwanza ya kazi dada alimsindikiza hadi getini, akasimama pale akimtazama mpaka alipopotea ndani. Dada naye aliolewa, na mumewe alipofariki akabaki na binti mmoja, na cherehani.

Wateja walisimuliwa habari za mdogo huyo watake wasitake. "Mdogo wangu amesoma vitabu vyote vya chuo kikuu."

"Sivisomi, dada. Navitafuta."

"Ndiyo hivyo hivyo," dada alisema, akikata uzi kwa meno.

Kisha dada akaanza kushika ubavu. Alisema ni kukaa sana. Alisema ni baridi. Alisema ni kiti, akabadilisha kiti. Alipokubali kwenda hospitali, Jumatatu moja, walimpiga picha, na daktari akamwonyesha kivuli cha mviringo kwenye figo. Daktari alikuwa kijana bado, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Akaandika kwenye karatasi: uvimbe, sentimita sita na nusu. Akasema nafasi ya upasuaji ipo Alhamisi, na kwamba yeye angeshauri wasiikose.

Dada akarudi nyumbani. Binti yake alikuwa bwenini, wiki tatu tu kabla ya mitihani ya mwisho ya sekondari, na dada alikataa katakata aambiwe chochote. Akamwita mdogo wake, wakaketi kwenye chumba cha kushonea, katikati ya marundo ya kaptula zisizo na vifungo.

"Mama aliingia kule akiwa anatembea," dada alisema. "Akatoka amefunikwa. Naogopa kisu. Sitakudanganya, naogopa."

"Daktari ndiye anayejua, dada."

"Daktari nimemjua leo. Wewe nimekulea. Huko kwenye vitabu vyako hakuna njia nyingine? Niangalizie. Utakaloniambia ndilo nitakalofanya."

Kuna mzigo mtu hupewa kwa mapenzi, na ukimwelemea hawezi hata kumlaumu aliyempa. Jumanne asubuhi Bi Makala alifungua kompyuta yake kabla ya kuvua koti. Aliandika maneno matatu. Akaongeza la nne, akabana miaka. Mikono ilifanya kazi yenyewe, maana alikuwa ameifanya mara elfu kwa ajili ya watu ambao hakujali kama watapona au watafeli. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa kama imeandikwa kwa ajili yao. Wagonjwa wenye uvimbe kwenye figo, makundi mawili: waliopasuliwa na walioachwa wakingoja, wakipimwa kila baada ya miezi mitatu. Ikisiri ilisema baada ya miaka mitano makundi yote mawili yaliishi sawasawa.

Pembeni palikuwa na kufuli.

Alijaza fomu. Mahali pa jina la mwombaji, ambapo miaka yote aliandika majina ya wengine, akaandika la kwake. Akaituma. Kisha akachapisha ikisiri, ukurasa mmoja, printa ikautoa bila kuutafuna, naye akaukunja na kuutia kwenye mkoba.

Angeweza kungoja, na kungoja ndiko alikokuhubiri maisha yake yote. Lakini Alhamisi haikuwa ikingoja, na jioni ya Jumatano alipoingia chumba cha kushonea dada alikuwa ameketi na mkasi mkononi, hakati kitu. Bi Makala akamsomea ile mistari kumi na miwili, akiigeuza kutoka Kiingereza cha madaktari kuwa maneno ya nyumbani. Alipofika kwenye "waliishi sawasawa" dada akaweka mkasi mezani, akajifunika uso kwa upindo wa khanga, akacheka. Alikuwa hajacheka tangu Jumatatu. Baada ya kuiona furaha ile, Bi Makala asingeweza tena kusema kwamba hii ni ikisiri tu.

Alhamisi daktari aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama. Akaugeuza kutazama nyuma, nyuma palikuwa peupe.

"Ushauri wangu bado ni upasuaji," alisema. "Lakini huu ni utafiti mzuri, wa watu wengi. Sisi hapa majarida haya hatuyapati, tunasikia tu yanatajwa." Akamtazama Bi Makala, akaona kitambulisho cha maktaba ya chuo kikuu kinaning'inia shingoni. "Wewe umeisoma yote?"

Dada alikuwa ameketi pembeni, ameshika mkono wa mdogo wake. Alimtazama kwa fahari kubwa. Haya alikuwa ameyangoja tangu alipoketi kwenye cherehani ya shangazi: daktari anamuuliza mdogo wake swali.

"Ndiyo," alisema Bi Makala.

Hakukusudia ubaya, na aliyeijua makala ile zaidi yake pale hakuwepo. Lakini lilikuwa neno la uongo, lilitoka bila hata kumeza mate, na daktari akaliamini. Dada akatia saini karatasi ya kukataa upasuaji. Wakaambiwa warudi baada ya miezi mitatu kupimwa tena.

Makala ilifika siku kumi na moja baadaye, Jumatatu, saa tatu na dakika chache. Mkutubi wa huko ilikotokea aliambatanisha salamu fupi za kumtakia kazi njema. Bi Makala aliichapisha, akaisoma pale pale dawatini. Mara ya kwanza kwa miaka mingi alisoma neno kwa neno, kuanzia juu. Kwenye ukurasa wa tatu, pale waandishi wanapoeleza walimchagua nani kushiriki, paliandikwa kwamba walichukua wagonjwa wenye uvimbe usiozidi sentimita tatu. Wenye mkubwa zaidi hawakuingizwa, kwa kuwa haikuwa salama kuwaacha wakingoja.

Sentimita sita na nusu alizikumbuka vizuri. Karatasi aliyoiandika daktari ilikuwa kwenye mkoba ule ule tangu Alhamisi ile.

Aliacha dawati wazi, kompyuta zinawaka, wanafunzi wawili wamesimama, akaenda hospitali. Nafasi ya karibu iliyopatikana ilikuwa baada ya wiki saba, maana chumba kimoja cha upasuaji kilikuwa kimefungwa kwa matengenezo. Alilia mbele ya karani wa miadi mpaka karani naye akatoka nje. Wiki saba zikabaki saba.

Na dada akamuuliza, kama mtu yeyote angeuliza, "Si walikubali tungoje?"

"Daktari amebadili mawazo," alisema Bi Makala.

Huo ukawa uongo wa pili, na huu alikuwa na muda wa kuufikiria kabla ya kuutamka. Walipompasua walikuta uvimbe umeshatoka kwenye figo na kwenda kwingine. Dada aliishi miezi mitatu zaidi. Binti alikuwa amerudi kutoka bwenini baada ya mitihani, wakati wanangoja upasuaji, akamkuta mama yake amekonda sana, na alipouliza imekuwaje akajibiwa na jirani, na shangazi, na kila mwenye mdomo: daktari alichelewesha. Kwanza akasema wangoje, halafu akageuka. Bi Makala alikuwepo chumbani yaliposemwa hayo, na hakuongeza wala hakupunguza.

Siku za mwisho dada alizungumza kidogo kidogo. "Bila wewe ningekuwa kipofu," alimwambia mdogo wake. "Angalau ulinitafutia." Alimshukuru hivyo mara mbili, na Bi Makala alizipokea shukrani zote mbili. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko mazishi yenyewe.

Binti akahamia kwake. Walikula pamoja, wakagombania chaja ya simu, wakajifunza kutosemana asubuhi kabla ya chai. Baada ya mwaka akaingia chuo kikuu, akachukua sheria, akawa anabishana na redio. Alikuwa na kicheko cha mama yake, na Bi Makala, ambaye hakuzaa, alikuwa akikisikia kutoka jikoni na kusimama kidogo na sufuria mkononi. Kwenye maktaba mambo yalikuwa yale yale, isipokuwa kwamba hotuba ya ikisiri hakuitoa tena. Aliwaonyesha vijana namna ya kutafuta, akawaambia maswali waulize, akaondoka. Mzee wa majarida akauliza kulikoni. "Wameshakuwa wakubwa," alisema.

Asubuhi ya Jumanne moja, saa nne, binti alikuja dawatini. Alipanga foleni nyuma ya vijana wawili kama mtu baki, na zamu yake ilipofika akaweka daftari juu ya dawati.

"Mama mdogo, leo nimekuja kama mteja."

"Karibu, mwanangu. Sema."

"Natafuta makala za kitabibu. Uvimbe wa figo, wa sentimita sita na nusu. Nataka inayosema kwamba ukishafika ukubwa huo haungojwi, unapasuliwa."

Bi Makala aliweka mikono juu ya kibodi. "Za nini?"

"Nimepeleka malalamiko hospitali, mwezi uliopita. Sikukuambia, najua bado linakuuma. Kamati inakaa Ijumaa kumjadili yule daktari, na wananitaka nilete ushahidi wa kitaalamu. Wakimkuta na kosa wanaweza kumnyang'anya leseni."

"Na yeye anasemaje?"

Binti akacheka, si kicheko cha mama yake. "Anasema mama alikataa mwenyewe, akatia saini. Eti ndugu wa mgonjwa alimletea karatasi ya utafiti, akamwambia ameisoma yote. Nimewaandikia kwamba hilo la karatasi ya utafiti ni uongo mtupu. Ndugu aliyekwenda naye ni wewe peke yako, na wewe ungeniambia."

Bi Makala aliandika maneno matatu, akaongeza la nne. Ile makala ikaja juu kabisa, kama miaka miwili iliyopita, na kufuli lake pembeni. Chini yake zilikuwepo nyingine nyingi zisizo na kufuli, ambazo zingemfaa binti na kumzamisha daktari. Angeweza kuchagua tano kabla chai haijapoa. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Saini ya dada ilikuwepo, lakini kuhusu ule utafiti daktari alikuwa na neno lake tu, na neno la daktari aliyefiwa na mgonjwa ni jepesi.

Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo, si hospitali, si makaburini. Aliona chumba cha binti kikiwa kitupu, godoro limeviringishwa. Kisha akamwona yule kijana mwenye macho mekundu akiugeuza ukurasa kutazama nyuma, na akajua kwamba katika watu wote wa siku ile ni yeye daktari peke yake aliyeuliza swali linalostahili.

"Ni hii," alisema. "Ya kwanza."

"Ina kufuli."

"Ninayo." Akainama, akafungua droo ya chini, akatoa nakala iliyobanwa kwa pini, kingo zimeanza kujikunja. "Vuta kiti. Soma yote."

Binti alisoma na penseli mkononi. Mwanafunzi mmoja akaja, Bi Makala akamwambia arudi alasiri. Mwingine akaja, akaambiwa hivyo hivyo. Ilichukua kama nusu saa, na nusu saa hiyo Bi Makala aliketi mikono mapajani.

"Mbona inanisaidia sana," binti alisema hatimaye. "Hawa wenyewe wanasema mwisho sentimita tatu." Akapiga mstari. Kisha akageuza nakala, akaitazama tarehe iliyochapwa juu, na penseli ikasimama. "Hii uliiagiza lini?"

"Siku mbili kabla ya Alhamisi aliyotakiwa apasuliwe. Ilifika siku kumi na moja baada yake."

"Kwa hiyo Alhamisi hukuwa nayo."

"Nilikuwa na ikisiri. Niliipeleka mimi, mwanangu. Daktari aliniuliza kama nimeisoma yote, nikamwambia ndiyo."

Kule nyuma printa ilijiwasha, ikanguruma, ikanyamaza.

"Mama alijua?"

"Hapana. Nilimwambia daktari ndiye aliyebadilika. Amekufa ananishukuru."

"Nilikutana naye kwenye ngazi za hospitali," binti alisema. "Yule daktari. Alinipa pole. Nikamwambia Mungu atamlipa, na watu wakasikia. Miaka miwili umeniona namchukia mtu, ukaniacha."

"Nilikuacha."

Angeweza kuongeza mengi: kwamba Alhamisi ilikuwa karibu, kwamba dada alicheka, kwamba alisema ndiyo kwa sababu ya mkono uliokuwa umeshika wake. Yote yalikuwa kweli na hakusema hata moja.

Binti akasogeza kiti mbele ya kompyuta ya pili. Akafungua barua yake ya malalamiko, kurasa tatu alizozihangaikia mwezi mzima, akaichagua yote, akaifuta. Ukurasa ukabaki mweupe.

"Sema," alisema. "Mimi nachapa. Ijumaa nitawasomea."

Bi Makala alianza. Alisema jina lake kamili, na lilisikika geni masikioni mwake mwenyewe. Alisema cheo chake, na mahali pa kazi, na siku. Alipofika kwenye swali la daktari alisema, "Hapo kwa bahati mbaya nikateleza—"

"Usiseme uliteleza. Sema ulichofanya."

"Hapo nilimdanganya."

Binti akachapa. Alichapa bila kugeuka, mgongo umenyooka, na machozi yalikuwa yakimshuka hadi kidevuni bila yeye kuyafuta. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Wakaenda hivyo, sentensi kwa sentensi, mpaka wiki saba, mpaka mazishi, mpaka mwisho.

"Wanataka uhusiano wa mtoa maelezo na marehemu," binti alisema.

"Unaujua."

"Nataka uutaje."

"Dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Ndiye aliyenilea."

Binti aliandika dada. Vidole vikabaki juu ya kibodi, kisha akauliza, macho kwenye skrini, kama hilo la kulelewa naye aliandike au aliache.

"Liandike," alisema Bi Makala.